Mnazi Uliosimama Katika Mstari

Nimepima ardhi maisha yangu yote ya utu uzima, kwanza nikiwa chini ya Wareno, kisha chini ya serikali yetu, na mwisho kwa yeyote aliyekuja kubisha hodi akigombana na jirani yake. Watu hudhani kwa hiyo naipenda ardhi. Siipendi kupita mtu mwingine. Ninachokipenda ni mstari ulionyooka, na mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu na kuona ukuta umekwenda upande, chai hainishuki vizuri.

Kazi yenyewe niliianzia Mocímboa da Praia, wakati wa vita vya uhuru. Nilikuwa nimesoma madarasa machache ya Kireno, najua kuhesabu, na nina miguu mirefu. Msimamizi aliniangalia miguu kabla hajaniuliza jambo lolote. Nikapewa kushika ncha ya mbele ya mnyororo wa kupimia, mnyororo wa chuma, mzito, uliokuwa ukipata moto juani hata ukaunguza viganja. Kazi ya mwenye ncha ya mbele ni kuuvuta ukaze usibonyee katikati, kuchomeka kijiti, na kupiga kelele kwamba kimechomekwa. Wa nyuma naye anaitikia. Tulikuwa tukiitikiana hivyo kutwa nzima kama watu wa maulidi, na jioni sauti imekauka.

Mkubwa wetu, mtopografia, yaani mpimaji wa ramani, alikuwa Mreno mwembamba mwenye tumbo bovu. Alikunywa maji ya kuchemsha tu na kula wali mweupe, na chombo chake cha kupimia, teodolito, ile darubini ya miguu mitatu, alikibeba mwenyewe, hakumwamini mtu. Hakupiga watu. Siku zile hilo peke yake lilitosha kumfanya asemwe vizuri. Alikuwa na kisirani cha mafundi: ukisogea wakati amefumba jicho moja, atakutukana wewe na babu yako kwa Kireno cha haraka, kisha baada ya dakika mbili amesahau. Mimi nilielewana naye, kwa sababu mimi pia nilichukia mtu anayetikisika.

Jambo moja hakulielewa hata kidogo, nalo ni minazi. Pwani yetu, kuanzia Quionga hadi Mocímboa, ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwa na shamba na asiwe na nazi hata moja ndani yake. Minazi miwili ni ya dada yake, mmoja ni wa mtu aliyempa mkopo wa mpunga zamani, mwingine ni wa mjukuu. Mtopografia akiuliza shamba hili la nani, wanajibu watu watatu, na wote watatu wanasema kweli. Alikuwa akinigeukia mimi kana kwamba nimewapanga. Nikimweleza, anavuta pumzi na kusema kwamba mti ulioota kwenye ardhi ni sehemu ya ardhi, duniani kote. Nilimjibu kwamba huenda duniani kote, lakini si hapa. Alicheka, na tukaendelea kuvuta mnyororo.

Katika minazi hiyo upo mmoja wenye heshima yake. Mtoto akizaliwa, kitovu chake kikishadondoka kinazikwa, na juu yake unapandwa mche wa mnazi. Huo ni wake. Baba hauuzi, mama hauweki rehani, wala mtu hapandi kuangua bila ruhusa ya mwenyewe, hata mwenyewe akiwa bado anatambaa. Ataombwa mama yake, naye atajibu kwa niaba yake. Mwenye mnazi akifa unarithiwa kama mali nyingine. Akiwa hai, popote alipo, ni wake. Sisi hatukufundishwa hayo, tulikuta kila mtu anajua.

Sasa nieleze jinsi vita vilivyoingia katika kazi yetu. Wapiganaji walikuwa wakivuka Ruvuma kutoka upande wa kaskazini, wanakaa msituni, na watu wa vijijini wanawalisha, wengine kwa hiari, wengine kwa sababu mtoto wako akibisha mlango na njaa humwachi nje. Serikali ikaamua kuwakusanya watu wa vitongoji katika vijiji vikubwa vilivyozungushiwa waya, vinavyoitwa aldeamento, ili wasionane na msitu. Kijiji cha namna hiyo hakijengwi ovyo. Kinapimwa. Mitaa inanyooshwa, viwanja vinakatwa sawasawa, na nje ya waya inasafishwa njia pana kuzunguka kijiji chote, isibaki hata kichaka, ili mlinzi aliye langoni aone mpaka mwisho. Kwa hiyo jeshi lilituhitaji. Tulitembea katikati ya askari, na mbele ya wote alitangulia mtu mwenye fimbo ya chuma akichoma mchanga taratibu kutafuta mabomu. Sisi wa mnyororo tulikanyaga pale alipokanyaga yeye. Nilizoea. Mtu huzoea.

Siku moja tukapelekwa kupima kijiji cha kwa mama yangu, upande wa Quionga. Mama alikuwa ameshafariki, lakini mdogo wake alikuwepo, mjane, mwanamke mfupi asiyependa mazungumzo marefu, mwenye minazi yake miwili, kibanda, na shamba la muhogo. Huyo ndiye mama mdogo aliyenilea nilipokuwa nakuja likizo. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, rika langu. Tulitahiriwa siku moja, tukapata vidonda pamoja, na yeye ndiye aliyelia zaidi, ingawa baadaye alikuwa akisimulia kinyume chake. Vita vilipopamba moto akaaga kwamba anakwenda Lindi kufanya kazi kwenye mashamba ya katani. Watu wa kijiji walimtakia safari njema, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza katani inalipaje.

Kila nyumba ilijua maana ya kuwa na kijana ng'ambo. Waliokutwa na habari hiyo walichukuliwa kwenda Mocímboa kuhojiwa, na wengi wao hatukuwaona tena. Mama mdogo akiulizwa na wageni kama ana watoto, alikuwa akijibu kwamba Mungu hakumjaalia wengi, na anaendelea kukuna nazi yake.

Mtopografia alichagua mahali pa kijiji kwa sababu ya kisima, akaelekeza mitaa kaskazini na kusini. Wazee walifurahi sana, kwa kuwa kwetu kibla ni kaskazini, wakadhani Mreno amewatazamia swala zao. Sikuwakatisha furaha. Tukachoma vijiti vyetu vyekundu na vyeupe, tukatazamana, tukavuta. Upande wa mashariki mstari wa njia ya waya ulipita katikati ya minazi. Nikiwa nimeinua kijiti, mtopografia ananiashiria kwa mkono kushoto, kushoto, kulia kidogo, hapo, nikatazama nilikosimama. Bega langu lilikuwa linagusa mnazi wa kitovu wa binamu yangu, huyo mwana wa mama mdogo.

Nilikichomeka kijiti hapo hapo. Ndipo palipokuwa mahali pake.

Jioni ile, baada ya swala ya alasiri, nilikwenda kumwona mama mdogo. Alikuwa ameshaona. Watu wote walikuwa wameshaona, kwa sababu vijiti vile vilikuwa vinang'aa kama makucha yaliyopakwa rangi. Nilimwambia kwamba ninaweza kukisogeza kijiti hatua moja kabla mkubwa hajakitazama tena. Mstari ungepinda kidogo sana, mti ungebaki ndani ya waya. Nilisema hivyo kwa shida, maana sijawahi kupinda mstari, lakini nilisema. Akafikiri, mikono ikiwa ndani ya unga wa muhogo.

"Usiupinde," akasema. "Waya ukipinda kwa ajili ya mnazi mmoja, watauliza mnazi huo una nini. Wakiuliza mnazi, watamuuliza mwenyewe."

Nikamuuliza kesho atafanyaje. Akasema kesho mnazi utaanguka, na mtu hafungwi kwa sababu ya mnazi ulioanguka. Niliona amelimaliza, nikanywa maji, nikaondoka.

Asubuhi yake sipai mkuu, mkubwa wa askari weusi wa utawala, alitangaza amri. Huyu sipai hakuwa Mreno, alikuwa mtu wa pwani kama sisi, Mmwani kutoka kusini ya Mocímboa, mwenye kofia nyekundu na Kireno kizuri kuliko changu. Akasema kila mwenye mnazi ulio ndani ya mstari akasimame chini ya mti wake. Mti ukikatwa, gogo na makuti ni ya mwenyewe, akajengee nyumba mpya ndani ya waya. Mti usio na mtu chini yake utachukuliwa kujengea kituo cha askari. Nadhani hii ilikuwa akili ya mtopografia, baada ya kuchoka na watu watatu kujibu swali moja. Amri yenyewe ilikuwa ya haki, na ndiyo maana ilikuwa mbaya.

Watu wakaenda kila mmoja mahali pake. Wazee, wanawake, hata mama mwenye mtoto mgongoni alisimama chini ya mche mfupi kwa niaba ya huyo mtoto. Sijapata kuona ramani iliyo wazi namna ile. Mama mdogo alisimama kwenye mti wake mmoja uliokuwa njiani. Wa pili ulisalimika. Hatua chache kutoka kwake ulikuwa mnazi wa mwanawe, mrefu, umejaa madafu, na chini yake hapana mtu. Sipai akauonyesha kwa fimbo, akauliza wa nani. Akauliza tena. Mzee mmoja akasema huenda ulijiotea. Sipai akatikisa kichwa, akawaambia wenye mashoka waanze.

Hapo ndipo watu wetu walipokosea. Mnazi ukikatwa, kileleni panapochipukia makuti mna moyo wake, mweupe, laini, mtamu, kitu ambacho mtu hukila mara chache sana, kwa sababu huwezi kukila bila kuua mti. Desturi ni kwamba mwenye mnazi ndiye anayeupasua moyo, anaonja kwanza, kisha anawagawia waliopo. Kabla hajaonja, hapana anayegusa. Basi asubuhi ile kila mti ulipoanguka, mwenyewe alikwenda na kisu, akaonja, akagawa, watoto wakakimbia na vipande vyao, na katika huzuni ile ya kukatwa minazi pakatokea kama shangwe kidogo. Mti wa binamu yangu ukaanguka. Moyo wake ukatolewa na mwenye shoka, ukawekwa juu ya kuti. Ukakaa.

Mtoto mmoja alinyoosha mkono, mama yake akamvuta sikio. Watu wakaanza kuangalia pengine. Njaa ilikuwepo, si kwamba haikuwepo. Miezi ile tulikula muhogo mkavu asubuhi na jioni. Kama wangeuvamia tu wakala, kama mali isiyo na mwenyewe, ingekwisha. Lakini hawakuweza. Nami sikuweza, nilisimama na mnyororo wangu mkononi na mate yananijaa. Mtopografia alikuwa anafuta vioo vya chombo chake, haoni kitu, na hata angeona asingeelewa. Sipai alielewa. Alizaliwa kwenye minazi kama sisi.

Akaja mpaka kwenye lile kuti, akachuchumaa, akautazama moyo, kisha akatutazama mmoja mmoja.

"Mnazi huu una mwenyewe," akasema. "Yuko wapi?"

Nilikuwa najua, na wote tulikuwa tunajua, kwamba swali hilo lina jibu moja tu, na jibu hilo liko ng'ambo ya Ruvuma na bunduki. Mama mdogo akaacha mti wake akaja. Alitembea kwa kawaida, anajifunga leso vizuri kiunoni kama mtu anayekwenda kuteka maji.

"Wa mwanangu," akasema. "Amefariki. Sasa ni wangu."

Sipai akamuuliza amefia wapi. Akajibu, Lindi, kwenye katani, homa. Akamuuliza mbona hajasikia khitima. Mama mdogo akasema habari imefika jana, tena kwa mdomo wa mpita njia, na khitima inasomwa leo baada ya alasiri, na yeye sipai kama Mwislamu anakaribishwa. Kisha akapiga goti, akaomba kisu, akaupasua moyo wa mnazi. Akakata kipande, akakitia mdomoni, akatafuna mpaka akameza. Halafu akaanza kugawa. Kipande cha pili alimpa sipai, naye akakipokea kwa mkono wa kulia akala.

Mimi pia nilipewa. Nilikula. Ulikuwa mtamu, siwezi kusema vingine.

Khitima ikasomwa kweli, maana isingeweza kutosomwa. Mwalimu wa chuo alipofuatwa alisema kusoma Kurani hakujamdhuru mtu, aliye hai wala aliyekufa, akaja na wanafunzi wake. Niliona jambo moja ambalo sipai huenda aliliona au hakuliona: mwalimu alisoma Yasini, akaomba dua ndefu, lakini swala ya maiti wa mbali, ambayo haswaliwi mtu aliye hai, hakuiswalisha. Watu walileta mpunga kidogo kidogo, ukapikwa ubwabwa. Sipai alikuja bila kofia yake, akakaa mkekani karibu na mlango, akaitikia amina, akala, akampa pole mama mdogo na kwenda zake. Hakuuliza tena, siku ile wala baadaye. Nimeshamfikiria sana mtu yule na sijapata uamuzi kama alidanganywa au alikubali kudanganywa.

Basi waliokuwa na mtoto hai ng'ambo waliendelea kuogopa, na mama mdogo akawa salama. Mfu hana uasi. Kwa hesabu ya mpimaji, mambo yalikuwa yamekaa sawa. Kwa hesabu yake yeye, hapana. Kabla brigedi yetu ya wapimaji haijahama nilikwenda kumuaga. Nyumba mpya ilikuwa imeshasimama katika mtaa wake, kiwanja chake kimenyooka, nguzo zake zimetoka kwenye gogo la mwanawe. Nilimsifu kwa akili aliyoionyesha. Akanikatiza.

"Nimemchuria mwanangu," akasema. "Mama akisema mtoto wake amekufa, Mungu anasikia."

Nilimwambia hayo ni mambo ya kizamani. Nilikuwa kijana niliyejua pembe na digrii, nikaona hilo ni jibu. Hakubishana nami. Nilisikia baadaye kwamba kila Alhamisi alikuwa anafunga, na jioni anatoa sadaka, hata kama ni muhogo mmoja wa kuchemsha kwa mtoto wa jirani, ili kuyafuta maneno yale. Aliendelea hivyo miaka yote iliyobaki ya vita. Alikonda. Katikati ya waya, watu wengine wakiwaogopa askari na wengine wakiogopa msitu, yeye alikuwa anauogopa mdomo wake.

Uhuru ulipokuja, waya ukakunjwa na watu wakarudi vitongojini, wale waliotaka. Vijana wakawa wanarejea kutoka msituni, kila wiki mmoja au wawili, wamekomaa, wanaongea Kiswahili cha kambini na Kireno cha kisiasa. Binamu yangu hakuwamo. Mama mdogo hakwenda kuuliza popote. Wengine walikwenda hadi Mocímboa kuulizia watoto wao, naye alibaki anakuna nazi. Nilikuwa nimerudi kwenye kijiji kile, safari hii natumwa na serikali mpya kupima viwanja vya shule, na nilikuwa nimefikia kwake, ndipo akaja mwanamume mmoja anachechemea. Alikuwa Mmakonde wa bara, mpole. Akajitambulisha kwamba alikuwa pamoja na mwanawe. Akavua kofia.

Akaeleza vizuri, kwa utaratibu, kama mtu aliyejifunza maneno njiani. Alieleza mahali, kijito kimoja ndani zaidi ya Awasse, na jinsi walivyomzika wenyewe, wakamlaza kwa kibla kwa sababu alikuwa amewaagiza hivyo. Jirani mmoja mwanamke akaanza kulia. Mama mdogo hakulia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameinamisha kichwa, na alipokiinua hakuuliza aliteseka au hakuteseka.

"Ilikuwa lini?" akauliza.

Mgeni akadhani anataka tarehe. Akasema kule msituni hawakuwa na kalenda, ila yalikuwa masika yale makubwa, mto ulipochukua daraja la njia ya Awasse. Mama mdogo akanigeukia mimi. Nilikuwa nimeketi na chai yangu, na kwa mara ya kwanza maishani nikatazamwa kama mtu mwenye elimu ya maana.

"Daraja lilipochukuliwa," akasema, "nyinyi mlikuwa mmeshakuja kupima?"

Nikakumbuka. Masika yale brigedi ilikwama Mocímboa, tunacheza karata na kupaka mnyororo mafuta usishike kutu, tunangoja njia ifunguke. Kwao tulifika jua lilipokuwa limeshakausha kila kitu. Nikamwambia bado, tulikuwa hatujaja.

"Hata mstari haujawekwa?"

"Hata mstari, mama. Tulikuja baada ya hapo."

Akaniuliza tena, kwa maneno yale yale, nami nikamjibu tena kwa maneno yale yale. Akamtazama mgeni, naye akaitikia kwa kichwa, hajui anathibitisha nini.

"Alhamdulillahi," akasema. "Basi si mdomo wangu."

Kisha akajifunika leso usoni, akaanza kumlilia mwanawe.